Kosa la Paka

Wako wanyama wengi waliokubali kuishi na binadamu, lakini ni wachache waliokubaliwa kuishi naye ndani ya chumba chake. Ng'ombe ana zizi lake, kuku ana tundu lake, na mbwa aghalabu hulala kizingitini. Paka peke yake hupita mlangoni bila hodi, akapanda kitini bila kukaribishwa, akalala kitandani bila kuulizwa, na mwenye nyumba akaona ni sawa. Heshima hii hakupewa kwa uzuri wa sura wala kwa utamu wa sauti. Alipewa kwa sababu mbili: anajua kuwinda panya, na anajua kuficha uchafu wake. Sababu ya pili haisifiwi sana, lakini ndiyo nguzo ya urafiki wote. Nguzo hii ikitikisika, mapenzi ya miaka mingi huweza kuanguka kwa siku moja.

Nataka kuzungumza nawe, msomaji, juu ya siku ambayo nguzo hiyo hutikisika. Yaani siku paka aliyezoea kwenda haja katika beseni lake la mchanga anapoliacha, akaenda kukojoa juu ya godoro, juu ya zulia, au ndani ya mkoba wa shule. Jambo hili laweza kuonekana dogo, tena la aibu kuandikwa kitabuni. Si dogo kwa aliyelala juu ya godoro hilo, wala si dogo kwa paka mwenyewe. Ni mojawapo ya sababu kubwa zinazofanya paka wapigwe, wafukuzwe, au watiwe guniani na kutupwa mbali na nyumba waliyozaliwa. Kwa kuwa adhabu ni kubwa, yapasa tuulize kama kosa lenyewe lipo.

Hakimu mwema hutaka kwanza kujua asili ya mshtakiwa. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi za paka wapatao 979, wa nyumbani na wa mwituni. Waliona kwamba paka wote wa nyumbani ulimwenguni wametokana na paka wa mwituni wa namna moja, yule anayepatikana Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye sisi humwita kimburu. Kimburu angali akiishi katika nyika zetu hata leo. Katika kisiwa cha Kupro, wachimbuzi wa mambo ya kale walitangaza mwaka 2004 kwamba wameona kaburi la miaka ipatayo 9,500, ambamo binadamu alizikwa na paka karibu yake. Urafiki huu basi ni mkongwe kuliko piramidi za Misri.

Mnyama huyu alitoka katika nchi kavu zenye mchanga. Ukavu ulimfundisha kuishi kwa maji machache, na figo zake zikazoea kutoa mkojo haba wenye ukali mwingi. Mchanga nao ulimfundisha kuchimba, kuchutama na kufukia. Hakuna binadamu aliyemfundisha kazi hiyo. Mtoto wa paka wa majuma manne au matano tu, akiwekwa juu ya mchanga laini, huanza kuchakura kama aliyetumwa. Kwa hiyo usafi wa paka si adabu aliyoipata kwetu. Ni urithi aliokuja nao. Wala hauachi kwa furaha, kama vile ndege haachi kuruka kwa furaha.

Kwa karne nyingi pwani yetu haikuhitaji kumtafutia paka choo. Nenda Lamu, mji ulioandikwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, utaona jinsi paka walivyojaa vichochoroni, vibarazani na ufukweni. Mchanga uko kila upande, na kila paka hujichagulia mahali pake. Lakini watu wengi sasa wanaishi katika magorofa. Sakafu ni saruji, madirisha yana nondo, na mlango hufungwa mchana kutwa watu wakiwa kazini na shuleni. Paka wa gorofa ya tano katika jiji la Nairobi aweza kuishi na kufa bila kukanyaga udongo. Hapo ndipo ilipozaliwa haja ya beseni.

Hata ng'ambo jambo hili si la kale sana. Huko Marekani watu walitumia mchanga na majivu mpaka mwaka 1947, wakati kijana mmoja aitwaye Edward Lowe, katika mji wa Cassopolis, jimbo la Michigan, alipompa jirani yake udongo mkavu wenye nguvu ya kunyonya maji ili autumie kwa paka wake. Jirani alirudi kutaka tena, na kutokana na ombi hilo ikazaliwa biashara kubwa. Hapa kwetu udongo wa namna hiyo huuzwa madukani, lakini bei yake si ya kila mfuko. Nyumba nyingi hutumia mchanga wa kawaida, udongo mkavu, au unga wa mbao kutoka kwa seremala, ndani ya beseni au karai kuukuu. Paka hajali bei ya kitu. Hujali kama ni kikavu, laini na safi.

Beseni hili ni mapatano. Ni kana kwamba binadamu amemwambia paka, "Nimekunyima ardhi yote, chukua kipande hiki badala yake." Paka naye amekubali kuiacha ardhi yote akatumia kipande hicho. Basi siku paka anapoliacha beseni, swali la haki si kwa nini paka amevunja mapatano. Swali la haki ni upande gani ulioyavunja kwanza, na kama hapana aliyeyavunja, ni balaa gani lililoingia kati yao.

Walakini swali hilo huulizwa mara chache. Wengi husema paka ana kinyongo, au analipiza kisasi kwa kuwa jana alinyimwa samaki. Fikiri, msomaji, kisasi ni kitu gani. Mlipiza kisasi hukumbuka kosa, hupanga adhabu, na hukadiria uchungu atakaousikia adui yake. Ili paka alipize kisasi kwa mkojo, ingempasa ajue kwamba mkojo unatuchukiza. Yeye haujui mkojo hivyo. Kwake ni alama na habari, kama barua ilivyo kwetu. Tunapomhesabia kisasi, tunampa tabia iliyo yetu, kisha tunampiga kwa sababu yake.

Nilishuhudia kesi moja ya namna hii Mombasa, nilipokuwa mgeni wa shangazi yangu kwa majuma mawili. Shangazi anaishi katika nyumba ya gorofa ya kwanza huko Mji wa Kale, na paka wake, dume jeupe pe, aliitwa Kanzu. Paka huyo aliletwa nyumbani na marehemu mume wa shangazi, akiwa bado mdogo wa kutosha kiganjani, na mzee hakuishi mwaka mmoja baada ya hapo. Kwa miaka minne Kanzu alitumia beseni lake lililowekwa ukumbini, wala hapana aliyemlalamikia.

Katika juma la pili la ugeni wangu Kanzu alikojoa juu ya mswala wa shangazi. Nyumba yoyote ingechukizwa, lakini katika nyumba ya Kiislamu jambo hili lina uzito wa pekee. Paka mwenyewe si najisi katika mafundisho ya dini hiyo, na maji aliyoyaonja hayaharibikii udhu. Lakini mkojo wake ni najisi, na mahali ulipomwagika hapasaliwi mpaka pamefuliwa. Shangazi aliufua mswala kwa subira, akaanika, akatandika mwingine. Kesho yake huo nao ulilowa. Siku ya tatu aliona unyevu juu ya kitanda chake, mahali pale pale ambapo marehemu alikuwa akilala.

Baada ya sala ya adhuhuri baraza lilikaa. Binamu yangu mkubwa alileta gunia, akasema kwamba atampeleka Kanzu kwenye soko la samaki, maana huko paka hawakosi vichwa vya samaki. Jirani mmoja aliyekuja kusalimu alipinga, akashauri paka ashikwe, asuguliwe pua juu ya alama za mkojo, na apigwe kwa ndara mpaka ajue. Shangazi hakusema neno. Alikuwa akimtazama paka, na kila mtu aliyekuwapo alijua anamkumbuka nani.

Binti yake mdogo, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliomba kitu kimoja tu: apewe muda hadi magharibi. Alichukua daftari, akaketi kwenye kona ya ukumbi, akamtazama paka kama vile wanafunzi wanavyofundishwa kutazama jaribio katika somo la biolojia, bila kumgusa wala kumwita. Jua lilipokuchwa alimwendea mama yake.

"Mama," alisema, "tangu alasiri Kanzu ameingia katika beseni mara tisa, na mchanga ungali mkavu. Anachutama, anajikamua, analia, hatoi kitu. Kisha anajilamba huko chini na kwenda mahali pengine kujaribu tena."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nimeandika saa zote, mama. Njoo utazame mwenyewe."

Shangazi alikwenda akatazama. Kwenye sakafu ya bafu, karibu na kinyunyizo, palikuwa na matone mawili, nayo yalikuwa na wekundu kama maji yaliyooshewa nyama. Binamu yangu aliliweka gunia chini bila kuambiwa. Muda si muda Kanzu alikuwa ndani ya kikapu, kikapu kikiwa ndani ya tuktuk, nasi tukiwa njiani kwenda kwa daktari wa wanyama.

Daktari alimpapasa tumboni, akasema kibofu kimejaa na kuwa kigumu kama chungwa bichi. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno, na chembe ndogo kama za mchanga, zikichanganyika na ute, huweza kuiziba kabisa. Mkojo usipotoka, sumu ambazo figo huzitoa hurudi katika damu, moyo ukashindwa kupiga sawasawa, na mnyama akafa kwa muda wa siku mbili au tatu, pengine kabla yake. Usiku ule ule Kanzu alilazwa usingizi kwa dawa, akapitishiwa mpira mwembamba wa kufungulia njia, akabaki kwa daktari siku tatu. Daktari alituambia kwamba lau tungalingoja mpaka kesho yake jioni, beseni lisingalihitajika tena.

Tafakari, msomaji, lile gunia lingalifanya nini. Lingalimpeleka Kanzu sokoni akiwa na maumivu ambayo hana ulimi wa kuyaeleza. Angalikufa chini ya meza ya muuza samaki, na nyumbani watu wangalisema kwamba paka hana shukrani, maana ametupwa karibu hivyo na hakurudi. Kilichomwokoa hakikuwa huruma peke yake, kwa kuwa huruma ya shangazi ilikuwa imenyamaza. Kilichomwokoa ni msichana aliyehesabu.

Kwa hiyo jambo la kwanza, paka anapoliacha beseni, ni kuuliza habari za afya yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na paka ni mficha maradhi hodari. Kibofu chake chaweza kuwashwa, au kuwa na vijiwe. Figo zaweza kudhoofika. Ugonjwa wa kisukari waweza kumfanya anywe na kukojoa kupita kiasi. Paka mzee aweza kuwa na maumivu ya viungo, ukuta wa beseni ukawa mrefu kwake kama ngazi. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo si wa kungojewa hata asubuhi moja. Jike naye akitoa damu au akilia beseni-ni, apelekwe kwa daktari bila kukawia.

Daktari akisema kwamba mwili ni mzima, mtu na alitazame beseni. Sisi wenyewe tukikuta choo kichafu tunageuza njia. Paka, ambaye pua yake ni kali kuliko zetu mara nyingi, afanye nini? Uchafu uchotwe kila siku, asubuhi na jioni ikiwezekana, na mara moja kwa juma beseni lioshwe kwa sabuni ya kawaida na maji. Zisitumiwe dawa zile zenye fenoli, ambazo hugeuka nyeupe zikitiwa majini, kwa sababu ni sumu kwa paka. Kuchota kila siku kuna faida kwa watu pia. Kinyesi cha paka huweza kuwa na vijidudu vya toksoplazma, ambavyo huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Mchotaji anawe mikono baada ya kazi, na mama mja mzito amwachie mwingine kazi hiyo.

Ukubwa wa beseni nao una maana. Linalofaa lina urefu wa mwili wa paka mmoja na nusu, ili aweze kugeuka ndani yake. Mchanga uwe laini, wa kina cha sentimita tatu hadi tano, wala usitiwe manukato. Harufu inayotupendeza sisi humkera yeye. Mahali pake pawe pa utulivu, mbali na chakula chake, mbali na pampu ya maji inayonguruma ghafula, na pasiwe pembe ambayo mbwa au paka mwingine aweza kumzingira asione njia ya kutokea. Wataalamu hushauri idadi ya mabeseni izidi idadi ya paka kwa moja: paka mmoja mabeseni mawili, paka wawili mabeseni matatu. Nyumba ndogo haziwezi kutimiza hesabu hiyo siku zote, lakini kila beseni linaloongezwa ni sababu moja ya ugomvi inayopunguzwa.

Baada ya mwili na beseni, tazama amani ya nyumba. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, watafiti waliweka kumbukumbu za majuma 77 juu ya paka 32, wengine wazima na wengine wenye ugonjwa wa kibofu, wakatangaza matokeo mwaka 2011. Waliona kwamba mambo yasiyo ya kawaida yalipotokea, kama vile kubadilishwa kwa mtunzaji au kwa ratiba, paka wa namna zote mbili walizidi kutapika, kukataa chakula na kwenda haja nje ya beseni. Kumbe woga peke yake unatosha kumtoa paka mzima katika desturi yake. Ugeni, mtoto mchanga, fundi anayegonga ukuta, kuhamia nyumba nyingine, paka mpya aliyeletwa bila kuzoeshwa, yote haya kwake ni mitikisiko. Dawa yake ni kumpa saa maalumu za chakula, mahali pa kujificha, mahali pa juu pa kupanda, na mtu wa kucheza naye kidogo kila siku.

Hapa yapasa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Paka anayekwenda haja huchutama, akatoa mkojo mwingi juu ya kitu kilicholala, kama sakafu au kitanda. Paka anayetia alama husimama, mkia wake juu ukitetemeka, akarusha mkojo kidogo nyuma yake juu ya kitu kilichosimama, kama ukuta au mguu wa meza. Wa pili hatafuti choo. Anaandika jina lake ili paka shume wa mtaani ajue kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Aghalabu huyo ni dume asiyehasiwa, ambaye mkojo wake una harufu kali kuliko wa wengine. Kumhasi huondoa au hupunguza sana tabia hii kwa madume tisa katika kumi, hasa wakihasiwa mapema. Kumpiga hakuiondoi hata kwa mmoja.

Iko pia kazi ya kusafisha, ambayo ikifanywa vibaya huharibu kazi nyingine zote, kwa sababu paka hurudi panaponuka. Unyevu ukaushwe kwanza kwa kitambaa kwa kukandamiza, si kwa kusugua. Kisha pafuliwe kwa maji baridi na sabuni ya unga yenye vimeng'enya, vitu vinavyovunjavunja masazo ya mkojo, na pasuuzwe vizuri. Dawa yenye amonia haifai, maana mkojo wenyewe hunuka amonia. Dawa ya klorini haifai pia, kwa sababu ikikutana na mkojo huweza kutoa hewa inayochoma macho na mapafu. Jambo la kupendeza ni kwamba mafundisho ya fikihi, ambayo hutaka najisi ioshwe mpaka rangi na harufu yake viondoke, na mashauri ya daktari wa wanyama, yanakutana mahali pamoja. Sheikh anatafuta tohara na daktari anatafuta kumsahaulisha paka, lakini maji ni yale yale.

Sasa na tuitazame fimbo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inafanya kumpiga mnyama kikatili kuwa kosa. Lakini hata pasingalikuwapo sheria, akili ingalitosha. Paka anayepigwa hafahamu kwamba anapigwa kwa mkojo wa saa mbili zilizopita. Hufahamu tu kwamba mkono uliokuwa ukimlisha sasa unauma. Akijifunza jambo lolote, hujifunza kukojoa mafichoni, chini ya kabati au nyuma ya magunia, mahali ambapo utapata harufu usione alama. Na ikiwa chanzo kilikuwa woga, fimbo huongeza woga. Ikiwa chanzo kilikuwa maumivu, fimbo huongeza maumivu. Hapana ugonjwa uliopona kwa kuzidishwa.

Nasema haya nikijua kwamba hukumu ya haraka haiwapati paka peke yao. Mtoto anayekojoa kitandani sisi humwita kikojozi, na katika mabweni jina hilo huuma kuliko bakora. Walakini madaktari wanajua kwamba mtoto huyo hakojoi kwa kupenda. Usingizi wake ni mzito, au kibofu chake kimechelewa kukomaa, au amerithi hali hiyo kwa mmoja wa wazazi wake. Na mara nyingine ni dalili ya ugonjwa unaotibika. Wako wanafunzi ambao huamka alfajiri kabla ya kengele, wakafua shuka gizani, wakakaa darasani siku nzima wakiogopa kunuka. Hawakosi usafi, wamekosa mtu wa kuwauliza kwa upole. Yule anayemcheka mwenzake kwa jambo hilo ana ulimi, na anayechekwa ana ulimi, lakini aibu imewafanya kuwa kama binadamu na paka: mmoja anahukumu na mwingine hawezi kujieleza.

Huenda ukasema kwamba nimelikuza jambo la mnyama mpaka likawa la watu. Sikulikuza, nimelifuata lilikokwenda. Mtu huzoea nyumbani tabia atakayoitumia ulimwenguni. Aliyezoea kumtupa mnyama bila kuuliza atamfukuza mtumishi bila kuuliza, na siku akipewa cheo atawahukumu wengi bila kuuliza. Aliyezoea kutazama, kuhesabu na kutafuta chanzo atakuwa daktari mwema, mwalimu mwema, au jirani mwema tu, na jirani mwema ni cheo ambacho dunia haijawahi kuwa nacho kwa wingi.

Basi, msomaji, ukiwa na paka nyumbani, jua kwamba siku moja aweza kukuachia unyevu mahali pasipostahili. Utakasirika, na hasira hiyo si dhambi. Iache ipoe wakati unapokausha sakafu. Kisha mtazame mnyama anavyokwenda, anavyokula na anavyochutama; lichungulie beseni lake; ukumbuke ni nini kilichobadilika katika nyumba juma hilo. Andika ukiweza. Na ukiona anajikamua bila kutoa kitu, tafuta kikapu, wala usingoje kuche.